Hewa inavyotanuka ndani ya kapo ya ndege

Weka mkono juu ya mbabula yenye makala yaliyokolea: hewa inayokupanda vidoleni imetanuka. Chembe zake zimepata moto, zinakimbizana, zinataka nafasi. Ujazo umeongezeka, uzito ni ule ule. Maana ya kutanuka kwa hewa ni hiyo tu, lakini chini ya kapo (kifuniko cha moteri) ya ndege ndogo ya pistoni inaweza kuamua kama moteri itapona.

Hewa huingia kwa matundu yaliyo nyuma ya panga (propela), hutanda juu ya silinda, kisha husukumwa ishuke kati ya mapezi yake ya chuma na kutokea chini. Ndiyo, inashuka, kinyume na ya mbabula, kwa sababu msukumo wa mwendo wa ndege unaushinda wepesi wake. Ikiingia na nyuzi 30 na kutoka na nyuzi 90, kila lita 100 zimekuwa karibu 120. Mlango wa kutokea ukiwa mwembamba, hewa hiyo iliyonenepa inasongamana chini, msukumo wa juu unakosa pa kwenda, na hewa mpya inapita nje ya pua bila kuingia. Tundu la mbele hata uliongeze ukubwa, silinda zitaendelea kuchemka.

Ndiyo sababu pale uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, utaona ndege ndogo ikiruka na vifuniko vya chini ya kapo vimeachama. Inapopanda, moteri inafanya kazi kwa nguvu zote huku mwendo ukiwa mdogo. Uwanja uko karibu mita 1,300 juu ya bahari, na siku ya nyuzi 32 mwezi wa kumi hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ile ya pwani yenye nyuzi 15. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Ikishafika juu na kushika mwendo, rubani huvifunga, maana vikibaki wazi vinaikokota ndege.

Katika miaka ya 1930, mhandisi Meredith wa Uingereza aliona faida hapo. Hewa ikipunguzwa kasi ndani ya njia inayopanuka, ikapashwa moto na rejeta (kipoozeo cha moteri inayopozwa kwa maji), kisha ikabanwa kwenye mlango wa nyuma, hutoka kwa kasi na kusukuma ndege mbele. Ndege ya vita Mustang ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, ilibeba rejeta yake tumboni kwa mpango huo. Wapo wanaosema rejeta ndiyo iliyoisukuma. Mimi naona wanazidisha. Ilichopata ni kurudishiwa sehemu kubwa ya nguvu ambayo upoozaji ungeila.

Ndege ikitua na moteri kuzimwa, msukumo wa mwendo hakuna tena. Hewa ya moto inafanya kama ya mbabula: inapanda, inanasa juu ndani ya kapo na kuchemsha mafuta kwenye mirija, hadi moteri inagoma kuwaka tena. Kwa hiyo rubani aliyezoea joto, akishuka tu, hufungua kile kidirisha cha juu cha kupimia oili na kukiacha wazi.