Veca mīlestība nerūs: tunayokosea kuhusu methali ya mapenzi ya Kilatvia

Maneno ni matatu tu: Veca mīlestība nerūs. Mapenzi ya zamani hayashiki kutu. Kwa ufupi wake, anayeanza Kilatvia huikariri kwa dakika mbili, akaamini ameimaliza. Naipenda sana methali hii, na inaniuma kuisikia ikisemwa vibaya na kueleweka vibaya zaidi.

Dhana: Inasifu wazee waliopendana maisha yao yote.

Neno veca ndilo linalopoteza watu, maana ni "-a zamani" na pia ni "-zee". Mara moja mtu anawaza babu na bibi wameketi barazani baada ya miaka hamsini ya ndoa. Ukweli ni kwamba methali inazungumzia penzi lililowahi kuwapo, likakatika au likanyamaza, kisha likaonekana bado li hai. Wawili walioachana zamani wanakutana kwenye sherehe ya rafiki. Mmoja anasahau alichokuwa akisema, mwingine anachezea kijiko bila kula. Aliye pembeni anamgusa jirani yake kiwiko: veca mīlestība nerūs. Kwa hiyo usiitafsiri kwa "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Inakwenda kinyume kabisa. Wala haimshauri mtu arudi kwa mpenzi wa zamani; inataja lililoonekana, basi. Hata aliyetupa gitaa miaka kumi akalichukua tena anaweza kuambiwa maneno hayo hayo.

Dhana: Vile vistari juu ya herufi ni mapambo, unaweza kuviacha.

Hapa ningeomba mwanafunzi akae muda mrefu kuliko penginepo. Kistari juu ya irabu kinasema: vuta sauti. Na Kilatvia hutenganisha maana kwa mvuto huo. Kazas ni mbuzi wengi. Kāzas ni harusi. Katika methali yetu irabu za kuvutwa ni tatu: mii-les-tii-ba, ne-ruus. Kuna na mīla, neno la kishairi la mapenzi, ambalo jicho letu hulisoma "mila" likapita.

Sisi si wageni wa jambo hili, kwani kata si kataa. Tofauti ni kwamba kwetu irabu inapoongezeka, mkazo nao huhama, kwa kuwa umezoea kukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa Walatvia mkazo hubaki silabi ya kwanza, isipokuwa katika maneno machache. Ulimi wa Mswahili utataka kusema "milesTIIba", na hapo ndipo kazi ilipo: tii ivutwe, lakini isipigwe. Jaribu kugonga meza kwa kidole mara tatu tu, kwenye VE, kwenye MII, kwenye NE, na kila silabi nyingine ipite bila kugongwa. Rudia mpaka mkono na mdomo viende pamoja. Herufi c nayo isikupeleke kwenye "ch" wala "k". Ni ts, kama Mgiriama anavyosema tsano.

Dhana: Veca na vecā ni mamoja.

Utaziona zote mbili katika methali hii, na zote ni sahihi, ila hazisemi kitu kimoja. Veca ni penzi la zamani, lolote lile. Vecā, yenye a ndefu, ni lile la zamani linalojulikana kwa msemaji na msikilizaji. Kivumishi cha Kilatvia hubeba kazi hiyo mwishoni mwake. Nerūs ni rahisi kwetu: rūsa ni kutu, na ne- hubandikwa mbele ya kitenzi kukanusha, kama ha- yetu katika "hayashiki".

Dhana: Kilatvia ni aina ya Kirusi, na methali hii haipo kwingine.

Kilatvia ni lugha ya tawi la Kibaltiki. Ndugu yake aliye hai ni Kilithuania. Huandikwa kwa herufi 33 za Kilatini. Ujirani wa Urusi na miaka ya utawala wa Kisovieti, mpaka uhuru uliporejeshwa mwaka 1991, ndivyo vinavyowafanya wengi wachanganye. Ama methali, Wajerumani nao wanayo: Alte Liebe rostet nicht. Haishangazi, kwani makabaila wa Kijerumani walimiliki ardhi Latvia kwa karne nyingi.

Dhana: Methali na daina ni kitu kimoja.

Methali huitwa sakāmvārds. Daina ni wimbo mfupi wa jadi, aghalabu wa mistari minne, na mapenzi yamejaa humo pamoja na uyatima, kazi za shambani na safari ya bi harusi kuacha kwao. Krišjānis Barons, mkusanyaji wa nyimbo hizo, alizipanga kwenye vikaratasi vidogo ndani ya kabati lenye droo nyingi, akazichapisha kati ya 1894 na 1915: matini 217,996. Kabati hilo sasa liko Maktaba ya Taifa ya Latvia, Riga, na mwaka 2001 liliingizwa katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia. Aliyegonga meza vizuri kwa methali yake ya maneno matatu ameshaanza kuingia huko, kwa sababu daina nyingi hutembea kwa mdundo ule ule: silabi ya kwanza hupigwa, inayofuata hupumzika.