Kwa nini wakulima wa Andes hukitazama Kilimia kabla ya kupanda viazi?

Je, wajua kwamba kwenye vijiji vya milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, Amerika Kusini, wapo wakulima ambao huamua lini wapande viazi kwa kutazama nyota, tena miezi minne kabla ya jembe kugusa udongo? Nyota hizo ni Kilimia, kile kishada kidogo ambacho Waswahili wa kale walikipa jina linalotokana na kulima.

Siku yenyewe ni karibu na Juni 24, sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Watu hukwea kilima usiku wa baridi kali na kungoja, kwa kuwa Kilimia wakati huo huchomoza mashariki kukikaribia kucha.

Anayeanza kukesha tangu jioni hukutana kwanza na wanyama. Cusco, uliokuwa mji mkuu wa Wainka, watawala wa kale wa Andes, uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni huko ni kiangazi, hewa kavu na anga safi. Ule ukanda mweupe wa nyota unaokatiza anga, Wakechua, wenyeji wa milima hiyo, huuita Mayu, yaani mto. Ndani yake mna madoa meusi, na Wainka waliyapa majina: lama (mnyama wa Andes wa jamii ya ngamia) na mtoto wake, mbweha, chura, nyoka, na ndege mmoja afananaye na kwale. Leo tunajua kuwa madoa hayo ni mawingu ya vumbi yanayoziba mwanga wa nyota zilizo nyuma. Macho ya lama ni nyota mbili kali zilizo jirani na Msalaba wa Kusini. Aliye Mtwara au Mombasa naye huziona jioni za Juni akielekea kusini. Katika yote waliyoyaacha Wainka, hili la kulisoma giza ndilo linalonigusa zaidi.

Lakini kwa mkulima, neno la mwisho ni la Kilimia. Wainka walikiita Qollqa, ghala, jina lilelile la maghala yao ya mawe ambayo mabaki yake bado yanaonekana mlimani pale Ollantaytambo. Kikitoka kikubwa na chenye kung'aa, viazi hupandwa kwa wakati wake, mwezi Oktoba hivi. Kikitoka hafifu, upandaji huahirishwa kwa wiki 4 hadi 6.

Nyota za mbali kiasi kile zitajuaje mvua ya Oktoba? Hazijui. Kinachobadilika ni hewa iliyo kati yao na jicho la mkulima. Mwaka 2000, Benjamin Orlove, John Chiang na Mark Cane walichapisha utafiti wao katika jarida la Nature. Walilinganisha desturi hii na vipimo vya setilaiti na kumbukumbu za mvua, wakakuta kwamba miaka ya El Niño, yaani ile ambayo maji ya Bahari ya Pasifiki huwa na joto kupita kawaida, huleta juu ya Andes, mwezi Juni, mawingu membamba mno ya juu sana, yaliyoumbwa kwa chembe za barafu. Jicho haliyaoni, ila hufifisha nyota. Katika Kilimia, zile nyota dhaifu za pembeni hupotea kwanza, na kishada chote huonekana kimesinyaa. El Niño hiyohiyo ndiyo inayopunguza mvua za milimani miezi inayofuata. Mizizi ya kiazi haiendi chini sana, hivyo ukame wakati wa kupanda hukiumiza vibaya. Kuchelewa kidogo kunaokoa mbegu.

Wenyeji walikuwa wamekwisha kulisema hili zamani. Hati ya Kikechua iliyoandikwa Huarochirí, milimani mashariki ya Lima, mwanzoni mwa karne ya 17, inaeleza kuwa nyota hizi zikitokea kubwa watu husema mwaka huu tutashiba, na zikitokea ndogo sana husema tutapata taabu. Ni ukubwa uleule ambao watafiti walikuja kuueleza karibu miaka 400 baadaye.

Kwetu Kilimia husomwa kwa njia nyingine. Methali ya pwani yasema: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Hapo kinachoangaliwa ni majira ya kuzama na kuzuka, na mwangaza hautajwi. Tena kanuni ya Andes haiwezi kuhamishiwa Afrika Mashariki ikafanya kazi vilevile, maana El Niño inayokausha mashamba ya viazi kule kwa kawaida huku huzidisha mvua za vuli, kama walivyoona watu wa Kenya na Tanzania katika mafuriko ya mwishoni mwa 1997.