Dawa za moyo zinapokutana na dawa nyingine: maswali na majibu

Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Nimeandikiwa antibayotiki ya metronidazoli ya wiki moja tu. Kuna shida?

Ipo, na wiki moja inatosha. Ini ndilo linaloivunja warfarini na kuiondoa mwilini. Metronidazoli huzuia kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, basi warfarini hujikusanya kwenye damu ingawa wewe unameza kidonge kilekile cha kila siku. Kotrimoksazoli, antibayotiki nyingine, na flukonazoli, ile ya fangasi, hufanya vivyo hivyo. Mwambie daktari kabla hujaanza. Kama hakuna dawa mbadala, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kirudiwe ndani ya siku chache. Ukiona fizi zinatoka damu, mkojo mwekundu au choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: hulichochea ini liiondoe warfarini upesi, na damu ikawa rahisi kuganda. Daktari huongeza dozi. Mtego uko mwishoni, mgonjwa anapomaliza rifampisini. Ini hutulia polepole kwa wiki kadhaa, na ile dozi iliyoongezwa, isipopunguzwa, inageuka kuwa kubwa mno.

Mgongo unauma. Naweza kumeza ibuprofeni au diklofenaki?

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu dawa ya maumivu haihesabiwi kuwa dawa. Ukiulizwa "unatumia dawa gani?" unaitaja ya presha, ya maumivu unaisahau. Kumbe dawa hizi huufanya mwili ushike chumvi na maji, na mwenye moyo dhaifu huanza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Zikichanganywa na dawa za presha kama enalaprili au losartani pamoja na dawa ya kukojosha kama furosemaidi, figo zinaweza kushindwa kazi, hasa ukiwa unaharisha au hunywi maji ya kutosha. Zikikutana na warfarini, tumbo huweza kuvuja damu. Ibuprofeni, tena, huweza kuizuia aspirini ya moyo isifanye kazi yake.

Parasetamoli kwa kawaida ni salama zaidi. Ila anayetumia warfarini akiimeza kila siku kwa dozi kamili, naye apime INR.

Naona aibu kuuliza: je, sildenafili, ile ya nguvu za kiume, na dawa ya maumivu ya kifua?

Usichanganye kamwe na nitrati, yaani hiyo dawa ya maumivu ya kifua, iwe ya kuweka chini ya ulimi au ya kumeza. Zote hupanua mishipa, na presha inaweza kuanguka ghafla hadi kuua. Baada ya sildenafili nitrati haitolewi kwa saa 24. Baada ya tadalafili, dawa ya aina hiyohiyo, saa 48. Kifua kikikubana, mtajie mhudumu ulichomeza, aibu au hakuna aibu.

Na dawa ya kolesteroli?

Simvastatini haiendi pamoja na klarithromisini wala erithromisini: misuli huweza kuvunjikavunjika, na mabaki yake yakaziba figo. Mara nyingi daktari huisimamisha simvastatini mpaka antibayotiki iishe.

Basi si bora niache za moyo mpaka nipone hicho kingine?

Hapana, usijiamulie mwenyewe. Atenololi, dawa ya presha na moyo, ikikatwa ghafla, mapigo na presha hupanda, na maumivu ya kifua huweza kurudi. Nenda kwa daktari au mfamasia na orodha ya dawa zote na dozi zake, ukitaja hata ulizoziacha karibuni. Amiodaroni, dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo, kwa mfano, hubaki mwilini wiki hata miezi baada ya kidonge cha mwisho, na bado inagombana na warfarini na digoksini, dawa nyingine ya moyo.