Nakisi Isiyoandikwa: Madeni ya Wakandarasi

Waziri wa Fedha anaposoma bajeti mwezi Juni, Wakenya wengi hungoja tarakimu moja: nakisi, yaani matumizi yanayozidi mapato, ni asilimia ngapi ya pato la taifa. Kazi yangu ni kuchambua bajeti, na tarakimu hiyo huwa naiangalia mwisho. Naanza na madeni ambayo serikali haijawalipa wakandarasi.

Sababu ni namna hesabu zinavyowekwa. Kwa miaka mingi serikali yetu imetumia mfumo wa fedha taslimu: matumizi huandikwa siku pesa zinapotoka, si siku kazi inapofanywa. Barabara ikikamilika Aprili na mkandarasi asilipwe hadi mwaka wa fedha ufungwe Juni 30, gharama yake haimo kwenye nakisi ya mwaka huo. Kwenye makaratasi nakisi imeshuka. Kwa kweli serikali imekopa kwa mkandarasi, bila idhini ya Bunge.

Mtazame mkandarasi mwenyewe. Tuseme ankara yake ni shilingi milioni 80. Juu yake kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, yaani milioni 12.8. Akishatoa VAT aliyolipia vifaa, salio anatakiwa kulifikisha KRA, mamlaka ya kodi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, awe amelipwa au hajalipwa. Serikali inamdai kodi ya pesa ambazo yenyewe haijampa! Saruji aliichukua kwa mkopo, vibarua wanadai, riba ya benki inapanda. Akipata zabuni nyingine atapandisha bei kufidia kusubiri, na hapo mlipa kodi ndiye anayeumia. Wengine hawafiki huko. Mali yao hupigwa mnada.

Malimbikizo ya madeni haya ya serikali kuu yamepita shilingi bilioni 500, na kaunti zina zaidi ya bilioni 150. Mwaka 2023 iliundwa kamati ya kuyahakiki chini ya Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Uhakiki ni wa haki, maana madai hewa yapo, lakini mwenye stakabadhi kamili hapaswi kungoja miaka kwa sababu ya mwizi.

Mswada wa Fedha wa 2024, uliolenga kukusanya kodi za ziada za takriban shilingi bilioni 346, uliondolewa baada ya maandamano ya Juni 25, na bajeti ikapunguzwa. Wananchi walikuwa na haki ya kuukataa. Ila mikato kama hiyo huangukia zaidi miradi ya maendeleo, na mingi huwa imeshatiwa saini. Ukifuta fungu la pesa na kuuacha mkataba ukiendelea, hujabana matumizi; umehamisha nakisi kutoka kwenye kitabu hadi mfukoni mwa mkandarasi.

Kwa hiyo napendekeza madeni yaliyohakikiwa yalipwe hata kwa hatifungani maalumu, yaani hati ambazo serikali huuza ili kukopa. Deni la umma linalotangazwa litaruka, na wanasiasa watalia, lakini litakuwa deni la kweli. Kisha afisa yeyote asitie saini mkataba usio na fungu la pesa. Kifungu cha 226(5) cha Katiba tayari kinamwajibisha binafsi anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria, na ningependa kuona kikitumika hapa.

Msimamizi wa Bajeti huchapisha taarifa za utekelezaji wa bajeti. Tafuta sehemu ya madeni yasiyolipwa, uijumlishe na nakisi uliyosomewa Juni.