Mtandao hauna kosa: kinachokwama ni JavaScript ndani ya simu

Kila ninapoitwa kukagua tovuti inayolalamikiwa kuwa nzito, jibu la kwanza la walioijenga huwa ni lilelile: mtandao unasumbua, mteja atafute sehemu yenye mawimbi mazuri. Juzi nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa timu yenye ujuzi wa kutosha, kuhusu fomu ya malipo ambayo mteja mwenye 4G iliyojaa alibonyeza kitufe cha "Lipa" na kitufe kikakaa kimya. Ukurasa ulikuwa umekwisha kufunguka, picha zilionekana na maandishi yalisomeka, ila simu haikuitikia kidole. Mtandao unahusikaje hapo?

Wasanidi wengi hupima uzito wa ukurasa kwa kilobaiti, na kwa hesabu hiyo kilobaiti 300 za picha na kilobaiti 300 za JavaScript, msimbo unaoufanya ukurasa uitikie mtumiaji, huonekana kuwa mzigo mmoja. Si mzigo mmoja hata kidogo. Picha ikishafika, kivinjari huifumbua na kuichora, basi. JavaScript ikishafika ndipo kazi inapoanza: faili lililobanwa kwa Brotli au gzip hufumuliwa na kuwa kubwa mara kadhaa, huchanganuliwa, hugeuzwa kuwa maelekezo ambayo prosesa inayaelewa, kisha hutekelezwa. Sehemu ya uchanganuzi inaweza kufanyika pembeni, lakini utekelezaji hufanyika kwenye uzi mkuu, uzi uleule unaopanga ukurasa, unaopokea miguso na unaoshughulikia fomu. Uzi huo ni kama karani mmoja katika dirisha moja: akishashika jalada, haliachi mpaka alimalize, na aliye kwenye foleni atasubiri hata kama shida yake ni ndogo.

Kazi yoyote inayoushikilia uzi mkuu kwa zaidi ya milisekunde 50 huhesabiwa kuwa kazi ndefu. Kwenye kompyuta ya msanidi, kazi ya milisekunde 60 haionekani kwa macho. Kwenye simu ya bei nafuu ambayo prosesa yake ni dhaifu mara nne, kazi hiyohiyo hukaribia robo ya sekunde, na kazi tatu za namna hiyo zikifuatana, mteja hubonyeza tena akidhani hakubonyeza vizuri. Jambo hili si la kubishania, kwa kuwa linaonekana. Fungua zana za wasanidi ndani ya Chrome, nenda kwenye paneli ya Performance, punguza kasi ya prosesa mara nne, anza kurekodi, kisha tumia ukurasa kama mteja anavyoutumia. Katika fomu ile tuliona pande refu la njano, ambayo ni rangi ya msimbo unaotekelezwa, likiwa na alama nyekundu ya kazi ndefu, huku mstari wa mtandao juu yake ukiwa mtupu kabisa. Orodha nzima ya nchi na namba zake za simu ilikuwa ikijengwa upya kila mteja alipoandika tarakimu moja. Tuliiondoa, tukaweka elementi ya kawaida ya select, yaani orodha ya kuchagulia iliyomo tayari ndani ya HTML, na kitufe kikaanza kuitikia.

Kipimo cha tatizo hili kipo. Machi 2024 Google iliingiza INP (Interaction to Next Paint) katika vipimo vyake vikuu badala ya FID (First Input Delay), kipimo cha zamani kilichotazama ucheleweshaji wa mguso wa kwanza tu, na hata hapo kiliishia pale msimbo unapoanza kuushughulikia. INP hutazama miguso ya ziara nzima, huhesabu mpaka skrini inapobadilika, na huripoti karibu ule mbaya kuliko yote. Milisekunde 200 au chini ya hapo ni vizuri. Zaidi ya 500 ni vibaya.

Kinachonisikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo huu haihitajiki tena. Elementi ya dialog, ya kutengenezea dirisha ibukizi, imekuwamo katika vivinjari vyote vikuu tangu Machi 2022, na ukiifungua kwa showModal, kivinjari chenyewe huhamisha fokasi, huzuia ukurasa ulio nyuma na hufunga kwa kitufe cha Esc. Vigezo vya kontena (container queries), vinavyopanga kipande cha ukurasa kwa kufuata ukubwa wa kisanduku chake, vilikamilika Februari 2023, na :has(), kiteuzi cha CSS kinachochagua elementi kwa kilichomo ndani yake, Desemba mwaka huohuo. Hata hivyo bado nakuta miradi mipya ikibeba maktaba nzima kwa ajili ya dirisha moja ibukizi. Sisemi React, maktaba maarufu ya JavaScript ya kujengea kurasa, itupwe. Programu yenye hali nyingi zinazobadilika pamoja inaihitaji, au inahitaji kitu cha jamii yake. Ukurasa wa bei na anwani hauihitaji. Pale ambapo JavaScript haiepukiki, ikatwe vipandevipande kwa scheduler.yield, amri inayouachia uzi mkuu nafasi kati ya kipande na kipande, na kivinjari kisichokuwa nayo kipewe setTimeout, amri ya zamani ya kuahirisha kazi.

Yapo mambo mawili yanayonitia shaka. Baseline, mwongozo unaotuambia kipengele kipi ni salama kutumia, hutazama Chrome, Edge, Firefox na Safari. Opera Mini, ambayo katika hali yake ya kubana data hutayarisha ukurasa kwenye seva na kumpelekea mtumiaji matokeo tu, haimo, na simu ambayo hifadhi yake imejaa haisasishi kivinjari. Kwa hiyo sithubutu kumwambia mtu atumie kila kipya bila fomu ya kawaida ya HTML chini yake, inayotumwa hata msimbo wote ukishindwa. Pili, alama ya kijani ya Lighthouse, zana ya Google ya kukagua kurasa, naiamini nusu tu: wakati wa kupakia ukurasa hakuna mtu anayegusa chochote, hivyo INP haipimiki, na kinachotumika badala yake ni jumla ya muda ambao uzi mkuu ulizuiwa. Nimekagua kurasa zenye alama nzuri ambazo wateja wake wanateseka.

Ndiyo maana napendelea kupima kwa wateja wenyewe. Maktaba ndogo ya web-vitals, katika toleo lake la attribution, huitaja elementi iliyoguswa mguso mbaya ulipotokea. Itume taarifa hiyo kwenye seva yako pamoja na kiasi cha kumbukumbu ya simu pale kivinjari kinapokitoa, kisha zitenge simu ndogo na uzisome peke yake, maana wastani wa wote huzifunika.