Silabi ya Kifaransa inahesabiwa kwa sikio

Wiki hii nimemsikia tena mtu anamfundisha mwenzake eti kwenye ils parlent, yaani wanaongea kwa Kifaransa, kitenzi kina silabi mbili kwa sababu kuna irabu mbili, halafu mwanafunzi anasoma "par-lenti" kwa sauti na anasifiwa. Jamani.

Silabi ni pigo moja la sauti, basi. Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, syllabē, yaani vilivyoshikwa pamoja, sauti zinazotoka mdomoni zikiwa zimeshikana, hapo hamna habari ya kuhesabu herufi. Na sisi wa Kiswahili hili tunalo nyumbani, mtu ina irabu moja tu lakini silabi ni mbili, m-tu, wakati kwenye mwana ile m haisimami peke yake, ni mwa-na. Hakuna aliyekukaririsha, ulisikia tu.

Sasa kwenye Kifaransa kuna vitu viwili watu wanavichanganya na ndo vinaniumiza. Kuna mkato wa kuandika, ule wa kugawa neno likifika mwisho wa mstari, hapo par-lent ni vipande viwili na sio kosa. Halafu kuna silabi ya kutamka, na hapo parlent ni pigo moja, "parl", sawasawa kabisa na je parle, naongea, na tu parles, unaongea. Ukija kwa nous parlons, tunaongea, ndo unapata mbili. Kusini mwa Ufaransa, Marseille au Toulouse, utasikia ka-e kadogo mwishoni, lakini hata huko ile n haitamkwi.

Hiyo -ent ya mwisho wa kitenzi cha wingi imetoka mbali. Kilatini kilisema cantant, wanaimba, na n na t zote zilisikika, baadaye ikawa chantent, sauti zikachakaa taratibu ila maandishi yakabaki palepale. Na t haijafa moja kwa moja, geuza iwe swali, chantent-ils, utaisikia inaibuka.

Ndo maana couvent, nyumba ya watawa, ina mapigo mawili na inaishia puani, lakini kuku wakiwa couvent, wanaatamia, ni pigo moja tu, "kuv", na herufi ni zilezile! Ila usije ukaiua kila -ent unayokutana nayo, il vient, anakuja, ni umoja, ile -ent sio ya wingi na inasikika puani, wingi wake ni viennent, "vyen", n inatamkwa wazi.

Na hii ya kutamka ndo inaeleza hata yale ya appeler, kuita, mara l moja mara l mbili, ambayo watu wanakariri kwa machozi. Kwenye nous appelons ile e ya katikati iko kwenye silabi iliyo wazi, yaani inayoishia na irabu, ni dhaifu, wengi wanaimeza kabisa wanasema "ap-lon". Kwenye j'appelle mwisho hausikiki, l inafunga silabi, e inapata nguvu, kwa hiyo wanaandika l mbili. Acheter, kununua, ni jambo lilelile, ila hapo wameweka alama tu juu ya e, j'achète.

Kwa hiyo yule aliyesema mbili sio kwamba hajui kuhesabu, amehesabu za kalamu wakati aliulizwa za mdomo. Mwambie afumbe macho, mtu mwingine amsomee ils parlent, ahesabu tena.