Rafiki yako yupo Pemba ya Msumbiji na simu haipatikani: soma kabla ya kumtangaza marehemu

Msimu wa vimbunga upande wetu wa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili. Miezi hiyo benchi la nje ya dawati letu la kuunganisha waliopotezana, hapa Mtwara, hujaa, na wengi wanaokaa pale hawamtafuti ndugu. Wanamtafuta rafiki: mwenzao wa biashara, wa chombo, waliyekua naye mtaa mmoja, kavuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta riziki, mara kimbunga, mara simu kimya. Tunawapokea wote kwa heshima. Ila kuna mambo tumeyarudia sana kwa mdomo, nimeona bora niyaandike.

La kwanza ni huo ukimya wa simu. Mnara wa simu unakula umeme. Umeme ukikatika unabaki na betri na jenereta, na jenereta inataka mafuta, na gari la mafuta haliwezi kuruka daraja lililobebwa na maji. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mzima, amekaa barazani anakula muhogo, simu yake mkononi, na asipatikane siku nne au kumi. Kimbunga Kenneth kilipokuja, tarehe 25 Aprili 2019, huku Mtwara shule zilifungwa, tukakisubiri. Kikaingia kusini yetu, jimbo la Cabo Delgado, na kisiwa cha Ibo kikaharibiwa vibaya sana. Chido kikaingia Mecúfi, kusini kidogo ya mji wa Pemba, tarehe 15 Desemba 2024, nako umeme na mawasiliano vikakatika maeneo mengi. "Hapatikani" ni taarifa ya mtandao wa simu. Si taarifa ya kifo.

Na Pemba hiyo, jamani, ni ya Msumbiji. Kila mara ujumbe unapozunguka kwamba "Pemba imepigwa", kuna watu wanaanza kupiga simu Chake Chake.

Magrupu ya WhatsApp ndiyo yanayotuchosha zaidi. Mtu anachukua picha ya nyumba zilizolala, haijulikani ya mwaka gani wala nchi gani, anaandika chini yake majina ya watu watatu na "inna lillahi". Mke wa mtu anaanza kukaa eda. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha taarifa anazojua ni za uongo kwa nia ya kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja. Narudia, anazojua ni za uongo. Aliyesambaza kwa hofu tu ana utetezi wake mahakamani, lakini huko mahakamani atakuwa keshafika. Zile meseji za "mimi rafiki yako, nimeokolewa, nitumie nauli kwenye namba hii" zipelekeni 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kabla ya kutuma hata shilingi, muulize jambo ambalo nyinyi wawili tu mnalijua.

Sasa utaratibu wenyewe. Utafutaji kwa njia ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu ni bure. Kwa kawaida ombi hutolewa na ndugu wa karibu: mzazi, mke au mume, mtoto, kaka, dada. Hapa ndipo marafiki wanapokasirika. Kaka yangu, hatudharau urafiki wenu. Fomu inauliza jina la baba, jina la mama, kijiji alichozaliwa, mwaka, alama mwilini, alionekana mara ya mwisho wapi na nani, na kwa uzoefu wangu rafiki hukwama mstari wa kwanza. Baada ya Chido alikuja kijana wa Magomeni ya hapa Mtwara, amevimba macho kwa kukosa usingizi, anamtafuta mwenzake anayeuza viatu vya mitumba Pemba. Jina? "Chogo." Jina la shule? Hakuwa nalo. Walikuwa wakishirikiana mtaji miaka sita. Picha aliyokuwa nayo kwenye simu, Chogo kavaa kofia iliyomfika kwenye nyusi.

Jina la utani liandikwe, tena linasaidia sana, lakini haliwezi kusimama peke yake. Hata jina kamili linabadilika mtu akivuka mto, kwa sababu wenzetu wanaandika kwa Kireno. Yusufu Hamisi wa Mikindani anaweza kuwa Issufo Amisse kwenye daftari la waliohifadhiwa. Bakari huwa Bacar, Mohamedi huwa Momade. Anayesoma orodha akitafuta herufi Y atasema hayumo, na mtu wenu yumo ukurasa huo huo. Kwa hiyo mleteni ndugu yake, rafiki uje naye, mkae pamoja. Ndugu anajua ukoo, rafiki anajua alikopanga chumba.

Mtu akipatikana, huulizwa kwanza kama anataka mjulishwe alipo. Wapo wanaokataa. Mwingine atasema mwambieni mama nipo hai, basi, msitoe namba. Hiyo ni haki yake, na hapa kwetu taarifa za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Msitubembeleze kwa soda. Na wale wanaokuja na sura ya huzuni kumbe wanamtafuta mdeni wa msimu wa korosho, tunawajua, huanza kuuliza "amebeba mzigo kiasi gani?" kabla ya kuuliza kama ni mzima.

Ipo pia barua ya Msalaba Mwekundu, kwa aliyeko mahali pasipo na simu. Huwa wazi, haifungwi kwa gundi, na ndani yake ni habari za kifamilia tu: nani kazaa, nani kaumwa, nyumba ipo. Siasa hapana, bei ya ufuta hapana.

Kuvuka mwenyewe kwa mtumbwi kwenda kumtafuta, nakuomba usifanye. Cabo Delgado ina mapigano tangu Oktoba 2017, acha hayo mafuriko. Ukilazimika kwenda, pitia Uhamiaji uchukue hati ya dharura ya safari kama huna pasipoti, na uvuke kwenye vivuko rasmi, Kilambo au Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Ukipita njia za panya nawe ukapotea, sisi tutakuwa na fomu mbili badala ya moja.

Yule kijana wa Magomeni alirudi na dada yake Chogo kutoka Nanguruwe. Tukajaza ukurasa wa kwanza vizuri, jina tukalipata, hadi kovu la panga kwenye goti la kushoto. Baada ya hapo wakanyamaza, na faili likabaki wazi. Ukimpata mtu wako mwenyewe unatakiwa kurudi kutujulisha ili tulifunge, na karibu hakuna anayerudi. Wiki ya nne nikapita Mkanaledi jioni, nikamwona kijana amekaa mgahawani na mtu mwenye kofia iliyomfika kwenye nyusi, wanakunywa chai. Nikatazama goti.